Ng'ombe Aliyetazama Nairobi

Nilinunua jigso kwa sababu ya mwanamke. Najua mafundi wengine hununua vyombo kwa sababu ya kazi, na nawaheshimu, lakini sitadanganya hapa. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha useremala Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, mabati juu na mabati ubavuni, na vyombo vyangu vyote vilikuwa vya mkono: misumeno miwili, randa, patasi na nyundo. Nilitengeneza vitanda, meza na stuli. Vyote vilikuwa na pembe nne na hakuna mteja aliyewahi kuniomba nimpindie kitu.

Mwanamke mwenyewe alikuwa mwalimu wa chekechea. Alikuja kuagiza viti vidogo vya darasa lake, na siku ya kuvichukua alikalia kimoja baada ya kingine, yeye mtu mzima, magoti yakimfikia kifuani, na kila kilichoyumba akakiweka kando. Vilikuwa tisa. Nilivinyoosha vyote tisa siku hiyohiyo. Kufikia mwisho wa muhula nilikuwa nimehamia kanisa lake, na nilikuwa nimejifunza kunywa maziwa ya kibuyu yenye ladha ya moshi bila kukunja uso. Kwetu ni magharibi, na mama yangu aliposikia hayo maziwa aliniuliza kama nimekosa kazi.

Baba yake alikuwa na bucha mjini Kajiado. Nilipokwenda kujitambulisha nilikuta duka limejaa wateja, naye yuko nyuma ya kaunta, mrefu, koti jeupe lenye madoa, kisu mkononi. Nilimpa mkono, akanipa kiwiko kwa sababu kiganja kilikuwa na damu. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe ndio ile fundi?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwenu mnafuga nini?"

Nilisema ukweli, kwamba tuna ng'ombe wawili wa maziwa, na kuku. Hapo ndipo nilipokosea. Aliwageukia wateja wake, akatangaza kama mtu anayesoma matangazo ya kanisani: "Ako na kuku." Duka zima lilicheka. Binti yake alicheka kuliko wote, na hilo sijamsamehe hadi leo.

Shida yangu ilikuwa moja. Wazee wa kwetu walikuwa tayari kusafiri kuja kuongea, lakini hawangeweza kuja bila mzee kutaja siku. Asipotaja siku, hakuna mazungumzo, na bila mazungumzo hakuna ndoa. Binti alikuwa ameniambia wazi kwamba hatatoroka na mtu, hata kama mtu huyo ananyoosha viti tisa kwa siku moja. Basi kila nilipokwenda Kajiado nilikuwa natafuta siku. Mzee alinipa chai, alinipa nyama, alinipa habari za mvua, lakini siku hakunipa.

Mara ya tatu akaja na neno.

"Nataka ng'ombe," alisema. "Ya mbao. Juu ya mlango. Si hiyo ya kuchorwa na rangi, ya rangi kila bucha iko nayo. Ya kukatwa. Iangalie Namanga. Na iwe na hii." Akachukua kipande cha karatasi ya kufungia nyama, akachora alama ndogo, duara lenye mkia uliopinda, akanionyesha inakaa wapi, kwenye paja. "Ukitengeneza mzuri, tutaongea maneno ya wazee wako."

Nilikunja karatasi ile nikaitia mfukoni. Sikuuliza alama ni ya nini. Nilidhani ni urembo.

Mchoro mzima alinichorea binti yake, kwa kuwa kila siku alikuwa akiwachorea watoto wanyama ubaoni. Tulipasua mfuko wa simenti, tukautandaza juu ya meza yangu, akachora ng'ombe mkubwa anayetazama kulia, upande wa Namanga, nundu, pembe ndefu zilizopinda, mkia umetulia, na alama ya baba yake pajani. Nilitazama zile pembe, nikatazama misumeno yangu miwili iliyonyooka, nikajua hapa nimefika.

Duka la vifaa nililoliamini lilikuwa la mzee mmoja kutoka kaskazini mashariki, mtu wa kofia nyeupe na tasbihi, aliyeuza kuanzia misumari hadi mapipa ya maji. Nilimwambia nataka jigso, msumeno ule mdogo wa umeme wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka, wa kukatia mipindo. Akaleta mbili. Moja ilikuwa mpya, ya kijani, nyepesi, imelala kwenye sanduku lake la plastiki. Nyingine ilikuwa ya chuma, imechubuka, imetoka kwenye karakana fulani iliyofungwa. Mkono wangu ulikwenda kwenye ile ya kijani wenyewe.

"Umependa rangi," alisema mzee wa duka.

"Nimependa chombo."

"Wallahi, fundi, umependa rangi. Ngoja."

Akaichomeka kwenye stima, akaiwasha, akaiachilia juu ya kaunta. Ile jigso ya kijani ilitetemeka, ikaanza kutembea yenyewe kuelekea ukingoni, mzee akiitazama bila wasiwasi, mpaka mimi nikaidaka. Kisha akaiwasha ile kuukuu. Ilinguruma tu, imetulia pale ilipowekwa. Akaizima, akaniambia niishike bledi na kuitikisa kushoto na kulia. Haikucheza. Ya kijani ilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

"Hiyo ikicheza, mstari utacheza," alisema. "Na hiki kibati cha chini, nyinyi mnaita kiatu, angalia kama kimenyooka. Na hii gurudumu ni ya mwendo. Mbao laini, enda haraka. Plaiwudi, enda polepole na bledi ya meno madogo. Usisukume. Ukisukuma bledi itapinda huko chini, juu utaona umekata sawa na chini umekata ya mtu mwingine."

Nilimuuliza amefanya useremala miaka mingapi. Akashangaa. Hajawahi kukata hata mti wa kuni, alisema. Ila kila fundi aliyeharibu kazi alirudi dukani kwake kulalamika, na yeye alikuwa amesikiliza malalamiko miaka mingi. Nilipokuwa natoka na ile kuukuu kwapani aliniita tena.

"Fundi! Meno ya hiyo inakata ikipanda juu. Kwa hivyo juu ndiyo inachanika. Uso mzuri wa mbao uangalie chini. Usisahau."

Sikusahau. Laiti ningesahau.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa mtu wa kuaibisha. Mtu aliyenyimwa mpindo maisha yake yote akiupata ghafla hana kiasi. Nilikata rafu za vikombe zenye mawimbi. Nilikata ubao wa kichwa cha kitanda wenye vilima vitatu, mteja akaniuliza kama ni Milima ya Ngong. Nilikata mguu wa meza ukapinda vizuri sana, kisha nikashindwa kukata mwingine wa kufanana nao, na ile meza ilibaki kibandani kwangu na miguu mitatu iliyonyooka ya ukoo mmoja na wa nne wa kufikia. Kinyozi wa kibanda cha pili alikuja na kiti chake kila adhuhuri kunitazama. Alisema ni afadhali kuliko redio.

Lakini ng'ombe nilimfanyia adabu. Nilinunua plaiwudi nene, ile isiyoogopa mvua, upande mmoja laini bila kifundo hata kimoja. Nikaulaza uso mzuri chini, kama nilivyofundishwa. Nikagandisha mchoro wa mfuko wa simenti juu ya mgongo wa mbao, nikabana kila kitu kwenye meza, nikatia bledi ya meno madogo. Nilianza mkiani ili nikikosea nikosee mahali pa aibu ndogo. Kwenye pembe nilikata kwanza vijia vifupi kutoka nje hadi kwenye mstari, ili vipande vianguke vyenyewe na bledi ipate nafasi ya kugeuka. Kwa ile alama ya pajani nilitoboa tundu kwa drili ya kuazima, nikaingiza bledi humo, nikaizungusha taratibu, pumzi nimeishika. Stima ilikatika mara mbili na mara mbili nilikaa palepale, mkono juu ya ng'ombe, nikingoja irudi.

Nilipomaliza nikabandua mchoro, nikamgeuza ng'ombe.

Uso ulikuwa safi. Hakuna uzi uliochanika, hakuna kona iliyong'oka. Pembe zilipanda zikapinda kama zilivyochorwa. Na ng'ombe alikuwa anatazama kushoto.

Nakumbuka vizuri nilichofanya, kwa sababu ndicho kinachonitia haya mpaka sasa. Nilimwona. Nilielewa mara moja kwamba mchoro uliowekwa mgongoni hutokea kinyume usoni, jambo ambalo hata mtoto aliyevaa fulana ndani nje angeniambia. Nikakaa juu ya stuli nikafikiri, na kichwa changu cha mfuga kuku kikaniambia hivi: ng'ombe ni ng'ombe. Leo anatazama Namanga, kesho anatazama Nairobi, ana miguu minne. Nikampiga msasa, nikamtia rangi ya kahawia upande ule mzuri, nikampaka vanishi mara tatu.

Siku ya kumpeleka nilimfunga kwa shuka, nikamfikisha Kajiado saa nne asubuhi. Bucha ilikuwa imejaa kama kawaida, na wazee watatu wenye fimbo walikuwa wameketi kwenye benchi la mlangoni. Nilimfunua kwa madaha. Mzee alitoka nje akipangusa mikono. Akapiga mluzi mdogo alipoona pembe. Moyo wangu ulikuwa juu kabisa.

Kisha akainama kwenye paja. Akawaita wale wazee watatu, nao wakainama, wakasemezana Kimaa, lugha yao Wamaasai, mmoja akafuata ile alama kwa ncha ya fimbo, halafu wote wakageuka wakanitazama mimi.

"Hii ng'ombe si yangu," alisema mzee.

"Ni yako, mzee. Nimekutengenezea wewe."

"Si yangu. Yangu inachomwa alama huku." Akajipiga paja la kulia. "Hii iko huku." Akajipiga la kushoto. "Na mkia ya alama imepinda upande ingine. Hii ni ng'ombe ya watu wengine kabisa. Nikiiweka hapa watu watasema nini? Watasema nimeiba!"

Mmoja wa wale wazee alicheka mpaka fimbo ikamwanguka. Mwingine aliuliza, kwa upole kabisa, kama kwetu kuku pia wana alama. Nilijaribu kueleza habari za meno yanayokata yakipanda na uso mzuri unaotazama chini. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka, na mwisho nikawa nimesimama katikati ya Kajiado nikielezea mbao kwa watu wanaotambua ng'ombe wao mmoja kati ya mia kwa mbali. Nikaomba nimgeuze, tutumie mgongo. Mzee akaupapasa mgongo, akatoa kijiti kilichomchoma kidole, akanionyesha.

"Enda tu, fundi," alisema. "Iache hapo."

Hakusema siku. Hakusema neno juu ya wazee wangu. Binti yake alinisindikiza hadi stendi, naye hakucheka mara hii, na hilo ndilo lililoniogopesha. Aliniambia alama ile si mchezo. Mtoto wa kwao huijua kabla hajajua kuandika jina lake. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Nilikuchorea upande wa kulia. Ningejuaje utaenda kumgeuza?"

Wiki tatu zikapita bila habari. Nilikuwa nimepoteza hamu ya mipindo yote. Nilitengeneza vitanda vyenye pembe nne na sikumsemesha hata kinyozi. Usiwaze kwamba niliogopa kuchekwa. Kuchekwa nilikuwa nimeshazoea. Niliogopa kwamba mzee alikuwa ameniona kwa usahihi, mtu anayeona kosa, akalijua kuwa kosa, kisha akalipaka vanishi. Angempaje mtu kama huyo binti yake? Mimi nisingempa.

Basi nikaanza upya. Nikaomba mchoro mwingine, na safari hii nikaugeuza, nikaushika kwenye mwanga wa mlango na kufuatisha mistari kwa penseli upande wa pili wa karatasi, ili kinyume cha kinyume kiwe sawa. Nikabandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi magari, juu ya mstari wote, ili hata mgongo usichanike. Bledi mpya. Mwendo wa chini. Sikusukuma hata mara moja. Kazi ya siku moja niliifanya siku nne, na nilipomgeuza ng'ombe wa pili alikuwa anatazama kulia, alama iko paja la kulia, mkia wa alama unatazama nyuma, na pande zote mbili ungeweza kupitisha shavu.

Nilikwenda Kajiado bila kuitwa, ng'ombe kwapani. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha tangu gari lilipopita Isinya. Nilipofika mbele ya bucha maneno yote yakapotea, kwa sababu juu ya mlango, amepigiliwa misumari minne mikubwa, alikuwapo yule wa kwanza. Anatazama Nairobi. Anang'aa.

Mzee alikuwa anampimia mama mmoja matumbo. Mama aliuliza, na niliona kwamba si wa kwanza kuuliza, "Mzee, na hii ng'ombe ni ya nani?"

"Ililetwa," alisema mzee, bila kuinua macho. Kisha akaniona. Aliweka kisu chini.

"Pakiteng," aliniita. "Sopa."

"Ipa," niliitikia salamu. Neno la kwanza sikulielewa. Nilidhani ni mzaha mwingine wa kuku. Nikamfunulia ng'ombe wa pili, nikamwambia nimekuja kurekebisha, nitamshusha yule, nitampandisha huyu, hii ndiyo alama yake na huu ndio upande wake.

Alimchukua mikononi. Akamtazama pajani, akatia kidole ndani ya alama, akakizungusha. Akampapasa mgongoni, akitafuta kijiti, asikipate.

"Hii ndio yangu," alisema.

"Ndiyo, mzee. Nikupandishie?"

"Hapana. Ile imekuja kwangu, inakaa. Nitaifukuza iende wapi?" Akanirudishia ng'ombe wa pili mikononi, mwenye alama yake. "Hii yangu, wewe peleka kwako."

Nikafikiri amenikataa, tena kwa heshima. Nikamshukuru, nikamfunga ng'ombe kwenye shuka, nikatoka. Binti yake alinifuata mbio, akanishika mkono pale kwenye njia ya reli, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Umesikia alivyokuita?"

"Nimesikia. Kuku tena?"

"Wewe mjinga wewe," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi. "Watu wakipeana ng'ombe kwetu, hawaitani tena majina. Wanaitana kwa huyo ng'ombe. Pakiteng. Wewe umempa mmoja, naye amekupa mmoja. Hajakuita fundi. Atamwitaje hivyo mtu waliyepeana naye ng'ombe, halafu akatae kuongea na wazee wake?"

Niliketi juu ya reli, ng'ombe wa mbao magotini, nikalia bila haya. Alisimama kando yangu akiwaamkia waliopita, akiwaambia kwa Kimaa kwamba mtu huyu hana shida yoyote, ni wa kwao tu.